Maksai wa Kocha Luhende

Siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Athanasi Ndaki inajulikana, na hata dakika yake inajulikana. Ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi na saba Novemba, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, pale refa alipopuliza kipenga cha mwisho na Marobota FC ya Bariadi ikawa imeifunga Reli FC ya Malampaka mabao mawili kwa moja.

Watu waliingia uwanjani kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Marobota walikuwa wamefungwa mechi saba mfululizo, na mashabiki walikuwa wamesahau mtu anashangiliaje. Wachache walimbeba kocha mpya, Luhende, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye matege na kofia iliyopauka. Lakini kundi kubwa halikumbeba kocha. Lilimbeba Athanasi, mkulima wa pamba ambaye hajagusa mpira tangu alipoacha shule darasa la nne, nalo likaimba: "Nyama! Nyama! Nyama ya Athanasi!"

Athanasi alilia kule juu mabegani. Waliomwona walisema ni furaha. Kumbe katika uwanja mzima wa Bariadi ni yeye peke yake aliyekuwa akiomba, tangu dakika ya sabini, Malampaka wasawazishe.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wiki tatu kabla ya hapo, mashabiki walikusanyika kumkaribisha kocha. Mwenyekiti wa timu, Mboje, alipanda juu ya meza. Huyu Mboje ni mwenyekiti wa timu, mwenyekiti wa kamati ya maji, na mwenyekiti wa wazazi wa shule. Maji hayatoki, paa la shule linavuja, na timu ilikuwa ya mwisho kwenye ligi ya mkoa, lakini yeye mwenyewe ananenepa vizuri tu. Akatangaza kwamba anatoa mipira kumi. Watu wakapiga makofi. Mipira hiyo mpaka leo haijaonekana. Kisha akauliza nani mwingine anaipenda timu kwa vitendo. Ngeleja, mpiga ngoma wa mashabiki, akatoa jogoo. Ndipo Athanasi, ambaye kichwa chake ngoma ilikuwa imeshakipasha moto, akasimama na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni:

"Kocha huyu akiibadilisha timu hii, mimi nachinja maksai!"

Huku Usukumani mtu akiahidi fedha, watu hucheka, maana wanajua hana. Ng'ombe ni jambo jingine. Ng'ombe akishatajwa mbele za watu ameshatoka zizini. Anayebaki pale ni mgeni wenu tu, mnamlisha. Felisita, katibu wa timu, aliandika ahadi ile kwenye daftari na kuipigia mstari chini.

Na Athanasi hakuwa na kundi la ng'ombe. Alikuwa na maksai wawili, Dereva na Utingo, aliowafundisha kulima tangu wakiwa ndama. Dereva alikaa kulia mwa nira, ndiye aliyesikia neno na kushika mstari. Utingo alikaa kushoto na kumfuata Dereva popote, hata kwenye miiba.

Eufrasia alisikia wimbo wa nyama kabla hajamwona mumewe. Alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakutoka.

"Mwadila, mama Joyness," Athanasi alisalimu mlangoni.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola," akajibu, ingawa haikuwa salama.

"Nasikia mmeshinda."

"Tumeshinda."

"Poleni."

Athanasi akakaa kwenye kigoda. Eufrasia akamtengea ugali na dagaa, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mvua imeshapiga mara mbili. Mbegu ya pamba ile pale kwenye gunia. Ekari nne zitalimwa na nani? Na Marobota?"

"Utingo atabaki."

"Utingo! Utingo akiwa peke yake njia anayoijua ni ya kwenda kunywa maji."

"Nilisema kwa furaha tu, mke wangu."

"Furaha yako inatugharimu kuliko ugonjwa."

Mwanamume mwenye mke wa kumgombeza wakati wa kula ana mali asiyoijua. Wanaoijua ni wale wanaokula kimya. Eufrasia alimgombeza mpaka ugali ukaisha, kisha akafikiri.

"Hebu rudia maneno uliyosema. Yale yale."

"Kocha huyu akiibadilisha timu hii, nachinja maksai."

"Hukusema akishinda?"

"Sikusema."

"Basi kushinda si kubadilika. Hata mlevi kuna siku anafika kwake bila kuanguka. Amebadilika?"

Athanasi akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kupumua vizuri.

"Nenda kijiweni kesho," Eufrasia akasema, "ukaseme kocha hajabadilisha kitu."

Kijiwe chenyewe kiko kwa Ndalahwa, fundi baiskeli, jirani na soko. Kila asubuhi hukaa pale wanaume ambao baiskeli zao hazina tatizo lolote. Jumatatu hiyo walikuwa wengi kuliko spana.

"Kocha ni yule, wengine ni wababaishaji!" Ngeleja alikuwa amesimama, hakai. "Mechi saba tulikuwa tunapiga mpira juu kama tunafukuza kwelea kwenye mtama. Jana mmeona? Mpira chini. Chini! Mguu kwa mguu mpaka golini!"

"Mvua ile," akasema Athanasi.

"Mvua gani?"

"Uwanja ulikuwa matope. Mpira uliolowa hauruki juu. Hapo kocha amefanya nini? Hapo ni Mungu."

Kijiwe kizima kikamgeukia. Jumamosi tu mtu huyu huyu alikuwa amekaa kwenye tairi lile lile, akisema Luhende ana akili ya mpira kuliko wazungu wote wa kwenye televisheni.

"Na kumweka Masunga benchi?" Ndalahwa akauliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye mnyororo. "Nayo ni mvua?"

Masunga alikuwa golikipa wa Marobota na mpwa wa Mwenyekiti Mboje. Alikuwa na kitambi na roho nzuri. Mpira ukija alikuwa anausindikiza kwa macho mpaka wavuni, kama mtu anayemuaga mgeni. Luhende alikuwa kocha wa kwanza kumwambia apumzike.

"Masunga alikuwa anaumwa jino," Athanasi akasema.

"Alikuwa anatafuna muwa pale benchi!" Ngeleja akapiga kelele. "Nimemwona! Muwa mzima!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye ndoo.

"Haya, na mazoezi ya alfajiri?" Ngeleja akaendelea. "Zamani dakika ya sitini wanalala chini kama wameambiwa ni sala. Jana wamekimbia mpaka mwisho. Na kuwakataza kula michembe, viazi vikavu vile, siku ya mechi, wasibebe matumbo mazito? Nani aliwakataza?"

"Michembe imeadimika sokoni."

"Michembe! Bariadi! Iadimike!"

Ndalahwa akaweka chini mnyororo. Akajifuta mikono polepole kwa kitambaa.

"Ng'wana Ndaki," akasema kwa upole, "wewe unamsema kocha au unamtetea ng'ombe?"

Hapo hawakucheka, na hilo lilimuuma Athanasi zaidi ya kicheko. Alichukua kofia yake. Alipokuwa anavuka barabara, gari la Mwenyekiti likasimama mbele yake na kioo kikashuka nusu.

"Athanasi, sogea. Nimesikia una mawazo kuhusu kocha."

"Ni mawazo ya kijiweni tu, Mheshimiwa."

"Ni mawazo mazuri. Mtu yule hajabadilisha kitu. Sisi wenye macho tunaona. Anawadharau wachezaji wa siku nyingi, wenye uzoefu." Hakutaja jino wala muwa. "Alhamisi kuna kikao. Uje useme hivyo hivyo mbele ya wanachama."

"Na yule maksai, Mheshimiwa?"

"Wewe sema kwanza. Ya ng'ombe yatajijibu."

Kioo kikapanda. Athanasi alirudi nyumbani akipiga mbinja. Katika miaka hamsini na minne ya maisha yake hakuna kiongozi aliyewahi kumwambia mawazo yake ni mazuri. Angekuwa na akili timamu siku hiyo, angeogopa.

Jumatano mchana kocha Luhende alifika kwa Athanasi na baiskeli ya kuazima. Alikuwa analala kwenye chumba cha mizani ya pamba, kati ya magunia na panya, maana nyumba aliyoahidiwa ilikuwa bado inatafutwa. Alisalimu vizuri, lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja zizini, akawatazama maksai, akampapasa mmoja shingoni.

"Huyu ndiye wa kulia."

"Umejuaje?" Athanasi akashangaa.

"Sugu ya nira. Na anavyosikiliza." Luhende akamkuna Dereva nyuma ya sikio. "Marehemu baba alikuwa na jozi kama hii kule Malampaka. Mmoja akafa. Mwaka ule tulilima kwa mikono, watu wote wa nyumba, na mimi shule ikaishia hapo."

Eufrasia alileta ugali na mlenda. Walikula bila maneno mengi. Kisha kocha akanawa, akasema kama anayetaja hali ya hewa:

"Nasikia unanisema kijiweni, baba Joyness."

Athanasi akatazama chini. Alitamani awe ameumwa jino yeye.

"Nisamehe, kocha. Timu umeibadilisha. Hata kipofu kajua, maana kelele zimebadilika. Lakini nina ekari nne."

"Sijaja kugombana. Nimekuja kukwambia kesho useme. Na ukimaliza, nitasimama mimi niseme vilevile: sijabadilisha kitu. Nikisema mwenyewe, nani atabisha? Ng'ombe atabaki zizini."

Eufrasia akasimama na sahani mkononi.

"Na kazi yako je, kocha?"

"Kazi? Mama, Jumapili tumeshinda. Nani anamfukuza kocha aliyeshinda?"

Wakacheka wote watatu. Wakati wa kuondoka Eufrasia alimfungashia michembe kidogo kwenye karatasi, akamwambia yeye si mchezaji, anaruhusiwa.

Kikao kilifanyika darasani. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa kuwa mwenyekiti wa wazazi ndiye huyo huyo, paa lilikuwa linavuja. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mboje peke yake alikuwa na kiti cha mwalimu, mahali pakavu. Felisita alifungua daftari.

Ajenda ya kwanza ilikuwa tathmini ya kocha. Mwenyekiti akamwita Athanasi. Athanasi akasimama, akasema habari ya matope, ya mpira uliolowa, ya jino. Mashabiki wakamzomea. Ngeleja akamwita msaliti. Alimaliza hivyo hivyo, akakaa.

Ndipo kocha Luhende akanyoosha mkono.

"Ndugu zangu, msimzomee. Anasema kweli. Vijana wana vipaji vyao na mvua ilinyesha. Mimi sijabadilisha kitu. Kwa hiyo ile ahadi haijatimia. Mwacheni mwenzenu alime."

Matone yakalia kwenye ndoo. Ngeleja akaanza, "Kocha, usiseme hivyo..." lakini Mboje alikuwa ameshasimama.

"Katibu, umeandika?"

"Naandika, Mwenyekiti."

"Andika yote. Kocha amekiri mwenyewe, mbele ya wanachama, bila kulazimishwa, kwamba wiki tatu tunamtunza na hajabadilisha kitu. Uongozi makini hauwezi kumlea mtu wa namna hiyo. Kuanzia leo hana kazi hapa. Timu itafundishwa na shemeji yangu, ambaye ana uzoefu. Ajenda ya pili, maksai."

Luhende hakukaa. Alibaki amesimama kama mtu aliyeshuka basi kwenye kituo kisicho chake.

"Nawauliza wanachama," Mboje akaendelea. "Timu imebadilika, haijabadilika?"

"Imebadilikaaa!" mashabiki wakajibu kwa nguvu, wakidhani wanamtetea kocha.

"Mmesikia. Imebadilika. Nani ameibadilisha? Kocha amekana. Basi ni uongozi. Maksai atoke kesho."

Athanasi akainuka, dawati likainuka naye kidogo kabla halijamwachia.

"Mheshimiwa, mimi nilisema kocha akiibadilisha. Kocha! Imo kwenye daftari."

"Na kocha aliletwa na nani?"

"Na uongozi."

"Basi."

Neno hilo, basi, viongozi wetu hulijua kabla ya kujua kusoma. Wengi wangetulia hapo. Lakini Athanasi, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, hasira ilimpa akili.

"Nina swali. Kama kocha hajabadilisha kitu, ng'ombe wangu mnamchukua kwa lipi? Na kama amebadilisha, mbona mnamfukuza?"

Kalamu ya Felisita ilisimama. Alimtazama Mwenyekiti. Darasa zima lilimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama saa yake.

"Swali zuri sana," akasema. "Katibu, liweke kwenye mengineyo."

Walipofika kwenye mengineyo, ikaonekana muda umekwisha.

Ijumaa asubuhi wakaja. Mboje alikuja na gari lake na watu wanne, na Ngeleja alikuwemo, ametazama pembeni. Athanasi alimtoa Utingo zizini, kamba mkononi. Alikuwa ameshakubali. Alikuwa anahesabu moyoni kwamba Dereva anaweza kuazimiwa mwenzake kwa jirani.

Mboje alimbonyeza Utingo mbavuni kwa vidole viwili.

"Huyu mwembamba. Wachezaji wanahitaji nguvu. Tutachukua yule."

"Mheshimiwa, huyo hapana," Eufrasia akasema kutoka mlangoni. "Huyo ndiye anayejua njia."

"Mama, timu ni ya wote."

Dereva alifungwa kamba. Alipoambiwa twende, alikwenda. Hicho ndicho alichofundishwa maisha yake yote. Utingo akataka kumfuata kama kawaida yake, na Athanasi ikabidi amshikilie kwa mikono miwili.

Nyama iligawanywa kwa utaratibu. Paja moja lilienda kwa Mwenyekiti, paja la pili kwa shemeji, kocha mpya. Mbavu walikula wageni ambao hakuna aliyewajua, walikuja na mashati ya mikono mirefu. Wachezaji walipewa supu ya kwato. Athanasi aliletewa barua ya shukrani yenye muhuri. Eufrasia aliitazama, akaitumia kuwashia moto, akasema muhuri unawaka vizuri.

Luhende alipita kuaga akielekea stendi. Hakuwa amekula ile supu. Alisimama mbele ya zizi, akavua kofia.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nasaidia."

"Ulisaidia, kocha," Eufrasia akamjibu. "Ndiyo maana umefukuzwa."

Jumapili Marobota walicheza ugenini Lamadi. Masunga alirudi golini. Walifungwa sita bila, na Ngeleja alirudi na ngoma yake kwenye gunia, ili kwenye basi watu wasimuulize.

Jumatatu mvua ilikuwa imetulia na ardhi ilikuwa tayari. Jirani waliokuwa na jozi walikuwa mashambani mwao. Msimu wa kulima hakuna anayeazima ng'ombe. Athanasi alimfunga Utingo upande wake wa kushoto. Upande wa kulia aliinama, akaiweka nira begani mwake mwenyewe. Eufrasia akashika plau nyuma.

"Twende!"

Utingo akapiga hatua mbili, akageuza kichwa kulia kumtafuta mwenzake. Akamwona Athanasi. Akasimama.

Njiani walipita Ndalahwa na Ngeleja, wanaenda kufungua kijiwe. Walipunguza mwendo, wakaona wanachoona, wakakosa mahali pa kuweka macho.

"Ngeleja," Eufrasia akaita. "Nasikia mmefungwa sita."

"Tumefungwa, shemeji."

"Hongereni."

Nyuma yao alikuja Felisita na baiskeli. Athanasi, nira ikiwa bado begani, alimwita.

"Katibu! Lile swali langu?"

"Lipo kwenye daftari, baba. Litajibiwa kikao kijacho."

"Lini?"

"Mwenyekiti hajapanga."

Akapanda baiskeli yake, akaenda. Upande wa Lamadi mawingu yalikuwa yanakusanyika tena, na gunia la mbegu lilikuwa pale kwenye tuta, limefunguliwa. Athanasi alivuta. Utingo hakuvuta. Wakabaki wametazamana, mtu na ng'ombe, chini ya mti mmoja wa nira.

Eufrasia alipangusa uso kwa upindo wa kanga, akashika upya mpini wa plau.

"Haya," akawauliza wote wawili. "Sasa nani anajua njia?"